Waziri Wetu na Alguacil Wao

Waheshimiwa walimu, ndugu wanafunzi wa Kihispania, na nyinyi wenzangu mnaojiandaa kwa kazi ya ukalimani na tafsiri: mlionitangulia kwa umri, shikamooni, wengine wote, habari za jioni.

Niliombwa nizungumzie msamiati wa Kihispania unaohusu viongozi, washauri na maofisa wa serikali. Orodha ya maneno hayo ni ndefu, nanyi mnaweza kuipata katika kamusi yoyote nzuri. Kwa hiyo nimeamua kuchukua nomino moja tu, nomino alguacil, na kukaa nayo jioni yote. Nimefundisha lugha hii kwa miaka mingi, na nimeona kwamba mwanafunzi anayelijua neno moja hadi mzizi wake hubaki nalo maisha yake yote, ilhali anayekariri maneno mia kwa usiku mmoja huamka na kumi. Nimelichagua neno hili pia kwa sababu ni jamaa yetu wa damu. Sisi Waswahili tunalo nyumbani tangu zamani, ila tunalitamka waziri.

Tuanze na ulimi. Herufi gu hapa hutamkwa gw, kama katika gwaride. Herufi c mbele ya i hutamkwa th ya thelathini katika sehemu kubwa ya Hispania, na hutamkwa s katika Amerika yote inayosema Kihispania. Matamshi yote mawili ni sahihi, bora mtu achague moja na kulishika. Mkazo uko katika silabi ya mwisho: al-gua-CIL. Hapo ndipo sisi hujikwaa, kwa kuwa ulimi uliolelewa na Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho bila hata kuulizwa, na mwanafunzi hujikuta akisema al-GUA-cil. Katika wingi, alguaciles, mkazo unabaki palepale ulipokuwa, lakini kwa sababu silabi moja imeongezeka nyuma yake, sasa umeangukia pale tulipozoea: al-gua-CI-les. Basi nawashauri mjifunze wingi kwanza, kisha mrudi kwenye umoja mkiwa mmekwisha kuzoea mahali pa mkazo. Kwa mwanamke husemwa la alguacila.

Sasa asili yake. Waliosoma chuoni wakiwa wadogo watakumbuka kwamba katika Sura ya Taha Nabii Musa anamwomba Mwenyezi Mungu ampe waziri kutoka katika jamaa zake, yaani nduguye Harun. Wataalamu wa zamani wa lugha ya Kiarabu walilihusisha neno wazīr na wizr, yaani mzigo, wakaeleza kwamba waziri ni yule anayembebea mtawala sehemu ya mzigo wake. Neno hilo, pamoja na kitambulishi chake al, kile kipande kinachotangulia nomino ya Kiarabu kuonyesha kwamba inajulikana, liliingia katika rasi ya Iberia, yaani Hispania na Ureno za leo, pamoja na watawala Waislamu waliovuka bahari mwaka 711. Wenyeji walilisikia likitamkwa al-wazīr, wakalipokea lote kama lilivyo, kichwa na mkia, bila kujua kwamba al si sehemu ya neno.

Mabadiliko ya sauti yaliyofuata yana utaratibu, na huu ndio utajiri ambao mwanafunzi anayekariri orodha haupati. Sauti w ya Kiarabu iligeuka gu katika Kihispania. Ndiyo maana mto mkubwa unaopita Córdoba na Sevilla, ambao Waarabu waliuita al-wādī al-kabīr, yaani mto mkubwa, leo unaitwa Guadalquivir, na jina la mji wa Guadalajara linatokana na maneno ya Kiarabu yenye maana ya bonde la mawe. Sauti r ya mwisho ya wazīr iligeuka l. Katika hati za zamani neno liliandikwa alguazil, kwa z. Tahajia ya sasa haiandiki z mbele ya i katika neno kama hili, ndipo tukapata alguacil. Mwanafunzi akiyashika mageuzi haya ataanza kuona mambo ambayo hata baadhi ya Wahispania hawayaoni.

Kiswahili kilifuata njia nyingine: mara nyingi kiliiacha al mlangoni na kulichukua neno tupu. Sisi tunasema sukari, wao azúcar. Sisi zeituni, wao aceituna. Sisi zafarani, wao azafrán. Katika maneno haya matatu l ya kitambulishi haionekani kwa sababu herufi inayofuata ni miongoni mwa herufi za jua, ambazo huimeza l hiyo, na mtoto wa madrasa anayejua kusoma as-sukkar na az-zaytūn ataelewa haraka kuliko msomi wa chuo kikuu asiyejua Kiarabu. Hata hivyo nasi hatukuwa waangalifu kila mara. Neno letu liwali, cheo cha mtawala wa mji wa pwani wakati wa Masultani wa Zanzibar na baadaye wakati wa wakoloni, ni al-wālī iliyoingia na sehemu ya kitambulishi chake. Katika neno hilo tulifanya kama Wahispania.

Swali ambalo huulizwa darasani kila mwaka ni hili: kama alguacil ni waziri, kwa nini kamusi inasema ni mtumishi wa ngazi ya chini wa mahakama au wa halmashauri ya mji, anayepeleka hati za wito na kutekeleza amri za jaji? Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniletea tafsiri ya shauri la madai ambamo waziri alikwenda nyumba hadi nyumba akigonga milango na kukabidhi samansi. Alikuwa amesoma asili ya neno katika kamusi, akaiamini kupita kiasi. Sikumlaumu, kwa kuwa alikuwa karibu na ukweli wa kale. Alikosea karne tu.

Kushuka kwa cheo hicho kulianza Andalusia yenyewe, yaani Iberia iliyotawaliwa na Waislamu. Huko Baghdad waziri alikuwa mtu mmoja mwenye nguvu nyingi, na wote tumesikia habari za Wabarmaki, ule ukoo wa mawaziri wa huko. Córdoba ilikuwa tofauti. Chini ya Bani Umayya, ukoo uliotawala huko, mawaziri walikuwa wengi kwa wakati mmoja, kila mmoja na shughuli yake, na juu yao alikaa hājib, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa serikali baada ya mtawala. Almanzor, aliyeitawala Andalusia kwa hakika ingawa khalifa alikuwa mwingine, alishika cheo cha hājib. Cheo kinapogawiwa kwa wengi hupungua uzito, na mimi naamini mteremko wa neno letu ulianzia hapo. Hata hivyo, sina maana kwamba mawaziri wa Andalusia walikuwa watu wadogo. Katika karne ya 11 Granada ilikuwa na waziri Myahudi, Samuel ibn Naghrillah, mshairi wa Kiebrania aliyetajika. Na katika karne ya 14 ilikuwa na Ibn al-Khatib, tabibu, mwanahistoria na mshairi, ambaye nafasi yake ilichukuliwa na mwanafunzi wake Ibn Zamrak. Beti za Ibn Zamrak zimechongwa kwenye kuta za Alhambra, kasri la watawala wa Granada, na mgeni anaweza kuzisoma hadi leo. Mawaziri hao walikuwa washauri kwa maana kamili ya neno: waliandika barua za mfalme, walipatanisha wafalme, na baadhi yao waliuawa. Ibn al-Khatib mwenyewe aliuawa gerezani huko Fez.

Wafalme Wakristo wa Castilla walipoiteka miji, Toledo mwaka 1085, Sevilla mwaka 1248, hawakuvifuta vyeo vilivyokuwapo. Mji mkubwa hauendeshwi kwa upanga peke yake. Una soko, mizani, maji, kodi na gereza, na waliojua kuviendesha walikuwa na majina ya Kiarabu ya kazi zao. Washindi walizichukua kazi pamoja na majina yake. Alguacil kwanza alikuwa gavana wa mji au wilaya, mwenye mamlaka ya kuhukumu. Kisha, katika sheria zilizokusanywa na Mfalme Alfonso wa Kumi, aliyetawala kuanzia 1252 hadi 1284, alguacil anaelezwa kuwa ndiye mwenye kukamata watu na kutekeleza hukumu katika baraza la mfalme, na sheria zenyewe zinakiri kwamba neno hilo ni la Kiarabu. Tazameni mabadiliko yaliyokwisha kutokea hapo: kazi ya kushauri imeondoka, imebaki kazi ya kutekeleza. Tangu siku hiyo alguacil hasikilizwi tena. Yeye ndiye anayesikiliza na kwenda.

Kwa karne nyingi kulikuwa na vyeo viwili chini ya jina moja. Alguacil mayor alikuwa mtu wa heshima, mara nyingi wa ukoo mkubwa, na alguacil wa kawaida alikuwa askari wa mtaani mwenye fimbo ya mamlaka mkononi. Wa kwanza ndiye aliyevuka Atlantiki. Katika safari ya kwanza ya Christopher Columbus alikuwapo alguacil wa msafara, Diego de Arana, na Columbus aliporudi Hispania mwanzoni mwa 1493 alimwachia amri ya watu 39 kwenye ngome ya La Navidad, katika kisiwa cha Hispaniola. Columbus aliporudi mwezi Novemba mwaka huohuo aliikuta ngome imeteketezwa na watu wote wamekufa. Kwa hiyo neno hili la Kiarabu lilifika Amerika pamoja na Wahispania wa kwanza kabisa, mwaka 1492, mwaka uleule ambao Granada, dola ya mwisho ya Waislamu wa Andalusia, ilisalimu amri. Columbus mwenyewe aliitwa almirante, yaani mkuu wa majeshi ya majini, na neno hilo linatokana na amīr, ambalo kwetu limekaa nchi kavu na kupanda: nchini Tanzania Rais ndiye Amiri Jeshi Mkuu.

Alguacil wa pili, yule wa mtaani, aliendelea kushuka. Katika maandishi ya Kihispania ya karne ya 16 na 17 mara nyingi huonekana akiwa mla rushwa na mwonevu wa wanyonge. Leo anaishi maisha ya utulivu. Puerto Rico, alguaciles ndio watumishi wanaolinda usalama wa mahakama na kutekeleza amri zake. Marekani, wasemaji wa Kihispania hutumia alguacil kumtaja mkuu wa polisi wa kaunti anayechaguliwa kwa kura, kwa hiyo huko cheo kimepanda tena kidogo. Katika viwanja vya mapigano ya ng'ombe nchini Hispania, wapanda farasi wawili waliovaa mavazi meusi ya zamani hutangulia maandamano, nao huitwa alguacilillos, yaani alguacil wadogo. Na mtu akienda Argentina au Uruguay, alguacil ni kereng'ende, yule mdudu mwenye mabawa manne ambaye huko huonekana makundi kwa makundi kabla ya mvua. Wapenzi wa soka nao wanalijua neno hili bila kujijua: kocha aliyeipa Real Sociedad Kombe la Mfalme katika fainali iliyochezwa Aprili 2021 ni Imanol Alguacil. Ukoo wake umebeba cheo hicho kama ambavyo kwetu wapo wanaume wanaoitwa Waziri.

Vyeo vingine vya jamaa hiihii nitavigusa kwa haraka. Alcalde, ambaye leo ni meya, anatokana na al-qāḍī, na ni ndugu wa kadhi wetu. Hapa tofauti inagusa moyo, kwa sababu kadhi wetu hajaiacha kazi yake: Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inazitambua mahakama za kadhi katika mambo ya ndoa, talaka na mirathi, na Zanzibar nayo inazo. Alcalde alikuwa hakimu kwa karne nyingi kabla ya kubaki na umeya peke yake. Almotacén, mkaguzi wa mizani na vipimo sokoni, anatokana na muhtasib, na mzizi wake ndio uliotupatia hesabu na mhasibu. Aduana, ambayo sisi tunaiita forodha, inatokana na dīwān. Na sisi tulipolichukua neno hilo hilo tulilivika mtu, kwanza mtawala wa mji katika pwani ya Mrima, na siku hizi diwani wa kata. Kwa hiyo ofisi ile ile ya Kiarabu, yenye madaftari na makarani, kwa Mhispania ilikuwa jengo la kutoza ushuru na kwetu ikawa mjumbe wa baraza. Sijui mfano mzuri zaidi wa kumwonyesha mwanafunzi kwamba asili ya neno humwongoza mtu hadi mlangoni tu, na akishafika lazima abishe hodi na kuuliza nani anaishi humo sasa.

Nafika kwenye sehemu inayowahusu zaidi wakalimani. Itifaki ya marekebisho ya Katiba ya Umoja wa Afrika iliyopitishwa mwaka 2003 inakitaja Kihispania na Kiswahili miongoni mwa lugha rasmi za Umoja huo. Kihispania kimeingia kwa ajili ya Guinea ya Ikweta. Inawezekana kabisa kwamba mmoja wenu ataketi siku moja katika kibanda cha ukalimani, Kihispania kikiingia katika sikio lake na Kiswahili kikitoka katika kinywa chake, na hapo hatakuwa na nafasi ya kufungua kamusi.

Basi mjue kwamba waziri wa serikali kwa Kihispania ni ministro au ministra. Mkuu wa serikali ya Hispania, ingawa kazi yake ni kama ya Waziri Mkuu, anaitwa presidente del Gobierno, na mkalimani atakayesema Rais wa Hispania atazua fadhaa, maana nchi hiyo ina mfalme. Mawaziri wa Sultani wa Uturuki, wale wa vitabu vya historia, huitwa visires. Hilo pia ni wazīr, ila limeingia mara ya pili, kwa njia ya Kituruki, bila al na bila kushushwa cheo. Kihispania kina neno letu mara mbili, lakini mara zote mbili halifai kwa waziri wa leo.

Mshauri ni asesor. Neno hilo la Kilatini lilikuwa na maana ya mtu aketiye kando ya hakimu, na sisi tulikuwa na watu wa namna hiyo hasa katika mahakama zetu, wazee wa baraza, ambao walimsikiliza shahidi pamoja na jaji na kumpa maoni yao. Neno consejero lina hatari zaidi. Kwa asili ni mtoa ushauri, na katika ubalozi ni cheo cha kidiplomasia. Lakini katika serikali za majimbo 17 yanayojitawala ya Hispania, consejero ni waziri kamili wa jimbo, mwenye wizara na bajeti, na katika kampuni ni mjumbe wa bodi ya wakurugenzi. Anayetafsiri kila consejero kuwa mshauri atawashusha watu wengi vyeo vyao kwa siku moja. Na kuna concejal, ambaye ndiye diwani. Yeye anatoka katika concejo, baraza la mji, neno ambalo huko Amerika, ambako c ya namna hiyo hutamkwa s, halitofautiki kwa sikio na consejo, yaani ushauri au baraza la ushauri. Sikio halitakusaidia hapo. Itabidi usikilize ni nani anazungumza na yuko katika kikao gani.

Na alguacil mwenyewe tumwiteje? Mimi nimejaribu majina kadhaa. Tarishi linaonyesha mwendo lakini halionyeshi mamlaka. Askari linampa silaha ambayo huenda hana. Katika shauri la mahakama napendelea msambaza nyaraka wa mahakama anapopeleka hati, na dalali wa mahakama anapotekeleza hukumu ya kukamata mali, kwa kuwa hayo ndiyo majina yanayotumika katika mahakama za Tanzania na msikilizaji atayaelewa papo hapo. Katika habari za Córdoba na Granada, na hapo tu, nitamwita waziri bila kusita.

Kabla hatujatawanyika, andikeni sentensi moja: La alguacila entregó la citación al ministro. Kwa Kiswahili: msambaza nyaraka wa mahakama alimkabidhi waziri hati ya wito. Neno ministro katika Kilatini lilikuwa na maana ya mtumishi, mtu wa kutumwa. Kwa hiyo katika sentensi hii fupi aliyeshika karatasi mkononi ndiye aliyezaliwa waziri, na anayeipokea, mwenye wizara na gari la serikali, ndiye aliyezaliwa mtumishi. Someni kwa sauti, pamoja, na mkazo uwe kwenye ci.